Kitenzi "belie": jinsi ya kukitumia bila kukipindua maana

Kuna vitenzi vya Kiingereza tunavyovijua kwa sura tu. Unakutana na "belie" katika tahariri ya gazeti, unakisia maana kutokana na habari nzima, unasonga mbele. Kazi huanza siku unapotaka kukiandika mwenyewe, iwe ni katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ripoti ya mradi wa maji Nyalenda, au barua ya kuomba kazi.

Katika maandishi ninayoletewa kuyapitia hapa Kisumu, wengi hukitumia kwa maana ya kuonyesha au kudhihirisha. Hiyo ni kinyume kabisa cha kazi yake, ambayo ni kusema kwamba sura ya jambo na hali yake halisi haziendi pamoja. Mtu ataandika "Her tears belie her sorrow" akikusudia kwamba machozi yanaonyesha huzuni ya mwanamke yule, na msomaji makini atabaki akijiuliza machozi na huzuni vimegombania wapi. Mbaya zaidi ni barua ya kazi yenye sentensi hii: "My certificates belie my ability." Mwandishi alitaka kujisifu kwamba vyeti vyake vinathibitisha uwezo wake. Alichomwambia mwajiri ni kwamba vyeti na uwezo havipatani. Hakuna namna fupi zaidi ya kujinyima kazi.

Basi tukichukue taratibu.

Kwanza, umbo lake

Tamka bi-lai, shadda kwenye lai, kama unavyotamka "rely" na "deny". Nafsi ya tatu umoja ni "belies", wakati uliopita ni "belied", na lenye -ing ni "belying", kwa kanuni ile ile inayogeuza "die" kuwa "dying" na "tie" kuwa "tying".

Kiingereza kina "lie" mbili. Moja ni ya kusema uongo, na wakati uliopita wake ni "lied". Nyingine ni ya kujilaza, nayo huwa "lay", kisha "lain". Kitenzi chetu ni cha ukoo wa uongo, kwa hiyo ni "belied" daima. Ukiandika "belay" umeingia kwa mabaharia na wapanda milima, maana hilo ni neno lao la kukaza kamba.

Ukoo huo ni wa kweli. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi "belēogan", kudanganya kwa maneno, na hadi enzi za Shakespeare mtu aliweza ku-belie mwenzake, yaani kumsingizia. Ukiwa na Biblia ya King James, ile ya 1611, fungua Yeremia 5:12 uone inavyosema kwamba watu "have belied the LORD", wamemzulia Bwana maneno yasiyo ya kweli. Matumizi hayo yamekufa. Ukiandika leo "My neighbour belied me to the chief", mzee wa kanisa aliyekulia kwenye King James huenda akakuelewa, lakini mhariri atakata sentensi nzima. Kwa kusingizia, tumia "falsely accused" au "slandered".

Pili, tafuta pande mbili kabla ya kalamu kugusa karatasi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukiiweza hatua hii, zinazofuata ni kunyoosha tu.

Gawa karatasi katikati. Upande mmoja andika kinachoonekana au kinachosemwa. Upande wa pili andika kilicho kweli. Pande hizo lazima zipingane. Kama zinakubaliana, au kama una upande mmoja tu, "belie" haina nafasi hapo na utafute kitenzi kingine.

Chukua Ziwa Victoria. Kwenye ramani ya ukutani darasani ndilo doa kubwa la buluu kuliko yote barani, takriban kilomita za mraba 68,800. Mtu akilitazama atadhani ziwa pana hivyo lazima liwe refu kwenda chini pia. Kumbe kina chake ni wastani wa mita 40 hivi, ilhali Tanganyika, ambalo ni dogo kwa eneo, linafika karibu mita 1,470 penye kina kirefu kabisa. Sasa unazo pande mbili: upana unaoonekana, na kina kidogo kilichopo. Andika: "The lake's vast size belies its shallowness."

Au nenda Dunga wakati upepo umesukuma gugumaji hadi ufukweni. Mgeni asiyejua anaweza kudhani ni malisho, na ng'ombe angetembea juu yake. "The green carpet belies the water beneath it." Upande wa kuonekana ni majani, upande wa kweli ni maji.

Ukiwa Nakuru, tazama Menengai kutoka mjini. Mlima umetulia, miti, ukungu wa asubuhi, na huko ndani ya kreta kuna visima vilivyochimbwa kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. "Menengai's quiet slopes belie the heat below."

Katika mifano yote mitatu hakuna aliyesema uongo. Ziwa halikumdanganya mtu, wala mlima. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi, wakishajua kwamba neno lina "lie" ndani yake, huanza kulitumia kama shtaka. Siku hizi "belie" haimtuhumu mtu. Inasema tu kwamba sura na hali halisi haziendi pamoja.

Tatu, amua: kinafunika au kinaumbua?

Ukifungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza utakuta maana mbili kuu zimewekwa moja chini ya nyingine, na ukizisoma haraka utadhani mchapishaji amekosea, kwa sababu zinaelekea kugeuziana mgongo. Ya kwanza ni kutoa picha isiyo ya kweli kuhusu jambo. Ya pili ni kuonyesha kwamba jambo si kweli.

Maana ya kwanza ni ya kufunika. Kiima, yaani kile kinachotenda, ndicho sura ya nje. Shamirisho, yaani kile kinachotendewa, ndiyo hali halisi iliyofichika. Wahenga walilimaliza waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mfano wa sokoni: pale Kibuye unaweza kuuziwa mahindi kwa gorogoro ambayo kitako chake kimegongwa kwa ndani hadi kikabonyea. Kwa nje ni mkebe ule ule. "The size of the tin belies how little maize it holds." Ukubwa unaoonekana ndio kiima. Uchache wa mahindi, ambao ndio ukweli, umekaa kama shamirisho.

Hapa pia ndipo penye matumizi yanayopendwa kuliko yote, ya umri. Bibi wa miaka themanini anaimba sauti ya kwanza katika kwaya na vijana wanakata pumzi kabla yake: "Her voice belies her age." Ni sifa, na ni sifa nzuri.

Maana ya pili ni ya kuumbua. Sasa mambo yanageuka: kiima ndicho ukweli, na shamirisho ndilo dai la uongo au imani isiyo na msingi. Hapa methali inayofaa ni njia ya mwongo ni fupi. Diwani anasimama jukwaani kusema barabara imekamilika, na gari lake likiondoka linayumba kama mtumbwi. "The potholes belie the claim that the road is finished." Mashimo ni ya kweli, dai si la kweli, na mashimo yamelivua nguo.

Utajuaje msomaji ataelewa ipi? Angalia shamirisho. Likiwa ni jambo linalosemwa au kuaminiwa, kama vile "claim", "promise", "rumour", "belief" au "reputation", msomaji atasoma kuumbua. Likiwa ni hali, hisia au sifa ya kitu, kama vile "age", "fear", "strength", "difficulty" au "complexity", atasoma kufunika. Kanuni hii si sheria ya bunge, lakini itakuvusha mara nyingi kuliko itakavyokuangusha.

Itakusaidia pia kugundua sentensi isiyosema unachokusudia. Mtu anaandika kuhusu mwenyekiti wa chama cha akiba aliyehubiri uaminifu huku akichota pesa: "His words belie his deeds." Shamirisho ni matendo, kwa hiyo msomaji atasoma kufunika: maneno yameficha matendo. Kama unachotaka ni kuumbua maneno, yaende mwisho: "His deeds belie his words."

Nne, mwondoe mtu kwenye kiima

Kiswahili chetu kinapenda mtu atende. Tunasema: alificha hofu yake kwa tabasamu. Ukiihamisha hivyo hivyo utapata "He belied his fear with a smile", ambayo mtu ataielewa lakini haikai vizuri sikioni. Kiingereza hapa hulitoa tabasamu mbele na kulipa kazi yote: "His smile belied his fear." Kwa hiyo ukiwa na sentensi ya Kiswahili kichwani, mtafute yule mtu, mwondoe, kisha uweke uso wake, sauti yake, nguo zake, mwendo wake au takwimu zake.

Mtu akiwa ndiye mdanganyifu kwa makusudi, usimpe kitenzi hiki hata kidogo. "The trader belied the customer" si Kiingereza cha leo. Mfanyabiashara "misled" mteja, au "deceived", au kwa lugha ya moja kwa moja "cheated". Na ukiandika "misled", isome mis-led. Nimewasikia watu wazima, tena wenye shahada, wakiitamka maizold kwa sababu waliikuta vitabuni kabla ya kuisikia.

Mambo machache ya sarufi, tuyapite haraka. Shamirisho hufuata moja kwa moja, bila "about", bila "to". Hakifuatwi na "that" peke yake: "The figures belied that the clinic was well stocked" ni kosa, tia nomino katikati, "belied the claim that the clinic was well stocked". Kauli ya kutendwa inakubalika, "The rumour was belied by the harvest", ingawa ni nzito na mimi ningeigeuza. "Is belying" ni nadra, tumia wakati uliopo wa kawaida. Lakini "belying" katika kishazi ni nzuri sana ikiwekwa sawa: "She greeted us at the gate, her calm belying the news she carried."

Tano, kipime dhidi ya "betray"

Nikipewa dakika mbili tu za kumfundisha mtu kitenzi hiki, ningezitumia hapa. "Betray" tunaijua kama kusaliti, habari za Yuda. Ina kazi nyingine, kufichua jambo bila kukusudia, na kazi hiyo Kiswahili nacho kinaijua: mwandishi wa hadithi husema sauti yake ilimsaliti.

Msichana ameitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi fulani Milimani. Ana wasiwasi. Akiongea kwa utulivu, unaandika "Her steady voice belied her nerves." Mikono ikitetemeka anapopokea glasi ya maji, unaandika "Her trembling hands betrayed her nerves." Wasiwasi ni ule ule katika sentensi zote mbili, na uko mahali pale pale. Kilichobadilika ni kiima. Sauti tulivu inapingana na wasiwasi, mikono inayotetemeka inakubaliana nao. Kinachopinga huchukua "belied", kinachokubali huchukua "betrayed".

Basi yale machozi tuliyoyaona yanataka "Her tears betrayed her sorrow", kama alikuwa anajaribu kuificha. Kama hakuwa anaficha chochote, analia tu kama mtu yeyote aliyefiwa, "showed" inatosha, na haimwaibishi mtu.

Ndugu wengine wa kuchunga ni wawili. "Underlie" ni kuwa chini ya jambo kama chanzo au msingi, na kwa kuwa lina "lie" mwishoni watu huliingiza "belie" mahali pake. Umaskini ukiwa chanzo cha watoto kuacha shule, umaskini "underlies" tatizo hilo. Wa pili ni "disprove", kukanusha kwa ushahidi kamili. "Belie" ni nyepesi kuliko hiyo: inaonyesha mgongano unaomfanya msomaji atilie shaka, bila kudai kwamba kesi imekwisha. Katika ripoti ya ukaguzi wa hesabu tofauti hiyo inaweza kukupeleka mahakamani, kwa hiyo chagua ukijua unachosema.

Lini ukiache

Ni neno la maandishi rasmi: tahariri, insha, ripoti, hotuba iliyoandaliwa. Kwenye WhatsApp ya familia litaonekana limevaa suti ufukweni. Na hata mahali palipo rasmi kuna tahadhari, kwa sababu kitenzi hiki kinabeba siri. Kila unapokitumia unamwambia msomaji kwamba chini ya kinachoonekana kuna kingine. Matanga ya huku kwetu magharibi huwa na wasifu wa marehemu unaosomwa kwa Kiingereza mbele ya umati. Mwandishi anataka kumsifu mzee kwa unyenyekevu, anaandika "His modest house belied his wealth." Sarufi ni safi kabisa. Ila sasa umewatangazia wakwe, wadai na watoto wa nyumba ndogo kwamba kuna mali mahali fulani, na jeneza halijashushwa. "He lived simply" ingemfikisha mzee kaburini kwa amani.

Usilitumie mara mbili katika ukurasa mmoja. Ni neno linalokumbukwa, na likirudi msomaji hulihesabu.

Jipime

Soma kila sentensi, kwanza ujiulize pande mbili ziko wapi, ndipo usome jibu.

"Omena's small size belies its food value." Iko sawa. Samaki mdogo kuliko kidole, analiwa mzima na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Udogo unaficha thamani.

"The smoke from the kitchen belies the fire." Haifai. Moshi na moto ni marafiki. Andika "signals".

"The teacher belied that the exam was easy." Makosa mawili: mtu yuko kwenye kiima, na "that" imesimama peke yake. Ukitaka kusema matokeo yalimuumbua: "The results belied the teacher's claim that the exam was easy."

"The quiet streets of Kondele belied the tension of the night before the vote." Iko sawa, tena ni nzuri. Utulivu umefunika joto la kisiasa.

"The empty stands at Mamboleo belie the team's popularity." Hii usiikimbilie. Huenda timu inapendwa kweli, ila siku hiyo kulikuwa na mvua au nauli ilipanda, na viti vitupu vinaficha mapenzi hayo. Huenda pia timu inajisifu tu kwamba inapendwa, na viti vitupu vimeiumbua. Sarufi inaruhusu yote mawili, na hata kanuni ya shamirisho haikuokoi, kwa sababu umaarufu ni hali na pia ni jambo la kudaiwa. Kama unakusudia la kwanza, andika "belie how popular the team really is". Kama ni la pili, andika "belie the team's claim to be popular".